Pima Testa Kwanza

Alhamisi, 5 Machi

Friji kubwa la maabara limekufa. Si kuumwa — kufa kabisa! Nimefika asubuhi nikakuta dimbwi sakafuni na chupa zangu zinatoka jasho. Kelele nilizopiga, sijui kama zilinifaa. Profesa alitoka ofisini kwake na kikombe chake cha chai, akatazama, akasema pole sana, akarudi ndani. Huyo ndiye mkuu wangu.

Nikampigia mdogo wangu. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mkewe anamwita hivyo, maana friji na viyoyozi ndiyo kazi yake. Akaja na begi, hakusalimia mtu, akatoa testa, kile kibisibisi chenye kitaa cha kupimia umeme. Nilidhani ataenda moja kwa moja kwenye friji. Wapi! Alianza na soketi ya taa ya mezani kwangu, na taa yenyewe inawaka. Akachomeka testa humo. Ikawaka. Ndipo akaenda kwenye soketi ya friji. Haikuwaka.

Nikamuuliza kwa nini anazunguka hivyo, nami nimeshikwa na wasiwasi. Akasema testa isipowaka hujui kama umeme haupo au testa yenyewe mbovu. Kwa hiyo unaipeleka kwanza mahali unapojua umeme upo. Alifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, na kofi juu yake.

Friji halina ugonjwa wowote. Ni soketi tu. Nimeshukuru mpaka nimechoka.

Jumamosi, 7 Machi

Darasa la wazi leo. Kila mwezi naapa kuliacha na kila mwezi nalifanya. Walikuja walimu wawili watatu, muuguzi, vijana wa kilimo, na mzee mstaafu ambaye nadhani alifuata kiyoyozi. Na Fundi! Alikuja kukagua soketi yake, akabaki, akakaa kiti cha nyuma na begi mapajani.

Nikaeleza kama ninavyoeleza siku zote. Protini ni uzi wa herufi. Uzi unajikunja, na ukishajikunja ndipo unafanya kazi — kubeba hewa, kuvuta misuli, kupambana na vijidudu. Zamani kujua umejikunjaje ilikuwa kazi ya miaka na mashine ambazo sisi tulizijua kwa picha tu. Nilipokuwa nasoma nilituma sampuli ng'ambo, nikasubiri mpaka nikasahau nilichouliza. Leo akili mnemba inakubashiria umbo wewe ukinywa chai. Bure. Huombi ruhusa ya mtu. Maumbo mamilioni yamewekwa wazi, na ukitaka unaweka herufi zako mwenyewe. Kwenye picha inayochora, pakiwa buluu, programu ina uhakika. Pakiwa njano au rangi ya chungwa, inababaisha.

"Ni ya kila mtu," nikawaambia. Nalisema neno hilo kila mara. Nalipenda mno.

Fundi aliuliza maswali kuliko wote. Nilijivuna, sikatai.

Jumatano, 11 Machi

Majibu ya damu ya Chiriku yametoka.

Niandike polepole nielewe mwenyewe. Chiriku ni binti wa Fundi, yuko darasa la tano, na jina hilo kalipata kwa mdomo wake usiojua likizo. Hakuna msichana shuleni kwao anayemshinda mbio. Mwezi wa kwanza alianguka mazoezini, akazimia, na alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa nani kashinda. Daktari akauliza habari za ukoo. Ikabidi tumweleze kuhusu baba yetu. Baba alianguka kazini mchana kweupe, hajafika hata umri nilio nao mimi sasa, na hakuinuka tena. Watu walisema presha. Hakuna aliyempima.

Sasa damu ya mtoto imeonyesha hivi: katika protini moja ya misuli ya moyo, protini fupi tu, herufi moja imebadilika. Na mbele yake wameandika kwamba maana yake haijulikani bado.

Daktari hakuzunguka. Hakuna kukimbia hata hatua mpaka apigwe picha ya moyo hospitali kubwa, tarehe 24. Foleni ndiyo hiyo. Na ametuandika watatu — Chiriku, baba yake, na mimi shangazi mtu. Kama herufi hiyo ni ya kwetu, basi imetoka kwa baba yetu.

Wifi alilia kwenye simu. Fundi alisema jambo moja tu, kwamba "haijulikani" maana yake hawajui kitu.

Mashindano ya shule ni tarehe 21. Chiriku amekwisha jiandikisha.

Alhamisi, 12 Machi

Kazi imenishinda leo. Nimejikuta naweka mkono kifuani kila nikikaa. Moyo unadunda kama kawaida. Nadhani hata wa baba ulidunda kama kawaida.

Jumapili, 15 Machi

Sitaki kuandika lakini nisipoandika sitapumua vizuri.

Nimekwenda kula mchana kwa Fundi. Nafika getini, namkuta Chiriku uani na viatu vya mbio, anapanda na kushuka ngazi mbio, jasho linamtiririka! Nikamuuliza nani kamruhusu. Akasema baba, shangazi, baba ameona kwenye kompyuta moyo wangu hauna kitu. Halafu akaendelea kunisimulia habari za viatu, soksi, na mwenzake anayemaliza mbio na kutapika. Sikusikia nusu yake.

Ndani, Fundi alikuwa amefungua laptopu mezani katikati ya sahani. Uso unang'aa. Jamani, alikuwa amefanya kila kitu! Alichukua herufi za protini ile kwenye hazina ya wazi, akabadilisha ile moja ya mtoto, akaendesha programu mara mbili, ya mtu mwenye afya na ya Chiriku, akazilaza picha moja juu ya nyingine. Buluu tupu. Zilikuwa zimelaliana kama sahani mbili kabatini.

"Ona, dada," akasema. "Mtoto hana tatizo."

Na mimi nilitabasamu. Niseme ukweli, hapa hakuna anayenisoma. Kwa pumzi moja nilifurahi kuliko yeye. Mwanafunzi wangu amefanya mwenyewe, na jibu ni tamu! Kisha nikaitazama ile buluu mara ya pili.

Nikamwambia haifanyi kazi hivyo. Programu imejifunza kwa maumbo yaliyokwisha jikunja vizuri. Ukiipa uzi wenye herufi moja ngeni, mara nyingi inachora umbo lile lile inalolijua. Haikuambii uzi huo utakatika kazini, au utashindwa kushikana na wenzake ndani ya moyo. Buluu ni uhakika wa umbo. Si cheti cha afya.

Akanijia juu. Akauliza, si mimi niliyesema ni ya kila mtu? Au ni ya kila mtu mpaka fundi friji aitumie? Nikasema si hivyo. Akasema ni hivyo hivyo, wasomi tunagawa kitu halafu tunakipokonya mtu akishakielewa. Nikamwita kichwa kigumu. Akaniambia nikatunze friji langu. Wifi akaweka mfuniko juu ya sufuria kwa kishindo, tukanyamaza wote wawili kama tulivyokuwa tukinyamaza kwa mama.

Akanisindikiza getini hata hivyo. Pale akasema kwa sauti ndogo, "Dada, kama ni kweli, imetoka kwangu. Mimi ndiye niliyempa."

Nilimshika bega. Akautoa mkono wangu taratibu, bila ubaya.

Chiriku akapiga kelele toka ngazini nimhesabie muda. Sikumhesabia. Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, na mimi nikiwa wa kwanza.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemweleza Profesa. Sikuwa na mwingine wa kumweleza. Aliweka kikombe chini, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Akasema alinionya tangu darasa lilipoanza. Akasema nisimamishe darasa, na kila anayetaka programu hizi apitie kwetu, aeleze anataka kufanyia nini, sisi tumkubalie au tumkatalie. Hapo sikumung'unya maneno. Nikamwambia kama zingefungwa hivyo huko zilikotengenezwa, mimi na yeye tungekuwa nje ya mlango mpaka leo. Nani angetukubalia sisi? Tulisimama nje miaka mingapi, wakitusomea majibu ya sampuli zetu wenyewe?

Akasema sawa, lakini hilo si jibu la mtoto anayekimbia. Na hapo amenipata. Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Jioni nikafungua programu nyingine, ya wazi pia. Hiyo imetengenezwa kukisia herufi moja moja, ipi ina madhara na ipi haina. Nimeandika jina la protini. Nimeandika nafasi ya herufi. Sikubonyeza. Nilijiona natafuta kitulizo tu, kama mdogo wangu. Nimefunga laptopu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, 18 Machi

Wifi amekuja kazini kwangu, na kitambaa cha dukani bado kiunoni — ana duka la kushona, huwa haliachi. Akaketi kwenye kiti cha wageni. Fundi anampeleka mtoto uwanjani kila asubuhi kabla ya shule. Juzi wifi kaficha viatu. Chiriku kakimbia pekupeku.

"Wifi," akasema, "wewe ndiye uliyemfungulia huo mlango. Basi mfungie."

Nikamwambia mlango wenyewe haufungiki, na hata ungefungika nisingeufunga. Akanitazama kwa jicho la pembe. Ana haki. Mtu ana mtoto mmoja, halafu wifi yake anamletea hotuba.

Nilibaki natazama taa ya mezani. Taa inawaka. Soketi chini yake. Nikaruka kitini mpaka wifi akashtuka!

Nikamwambia amwambie mumewe aje kwangu Ijumaa. Soketi ya friji imekufa tena. Akauliza, imekufa? Nikasema itakuwa imekufa, wewe mwambie tu. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu majibu yatoke. Akasema sisi watoto wa nyumba moja wote ni wale wale.

Ijumaa, 20 Machi

Amekuja. Amenuna. Salamu ya kunyoosha kidevu. Akatoa testa, akaichomeka kwenye soketi ya taa, ikawaka. Akaenda kwenye ya friji, ikawaka.

"Umeme upo, dada."

Nikasema najua. Kaa.

Akaanza kufunga begi, ameshaelewa kwamba nimempiga chenga. Nikamuuliza haraka haraka kwa nini ameanzia kwenye taa. Akaniangalia kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akaanza kunieleza tena, kwamba testa lazima uipeleke kwanza mahali unapojua — akaishia hapo. Mdomo ukabaki wazi. Mdogo wangu ana mambo mengi lakini si mjinga.

Nikamuuliza, "Ile programu, uliipeleka wapi kwanza?"

Akaweka begi chini.

Sikugusa kompyuta. Nilimwachia kiti changu. Nilimpa herufi moja tu, katika protini ile ile, lakini nafasi nyingine. Herufi hiyo haina ubishi. Kwenye hazina nyingine ya wazi madaktari wote wameandika kitu kimoja, kwamba inaua, na wametaja koo zilizozika watu kwa ajili yake. Nikamwambia aiweke hiyo. Picha ikiharibika, basi programu inaona ubovu, mimi nitafunga mdomo wangu na kesho nitakuja uwanjani kupiga makofi.

Na sikuwa nimeijaribu kabla! Nilitaka tuone pamoja. Alipobonyeza niliogopa kweli. Je, ikiharibika? Tulisubiri, yeye akibonyeza testa yake kama kalamu, mimi nikihesabu makosa ya maisha yangu. Profesa alipita mlangoni, akatuona, akapita tena.

Picha ikatokea. Buluu.

Fundi akailaza juu ya ile ya mtu mwenye afya. Zikalaliana. Akaizungusha huku na huku akitafuta hata kijisehemu kilichochomoza. Akaniomba nyingine inayoua. Nikampa. Akaendesha. Buluu tena, nzuri kabisa, mtu angeitundika ukutani.

Akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Haiwaki," akasema. "Penye umeme, haiwaki."

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo haijasema mtoto ni mgonjwa."

Haijasema, nikamjibu.

"Wala haijasema ni mzima."

Wala. Tuliiuliza kitu ambacho yenyewe haikijui, na yenyewe ikajibu kwa adabu. Nilisema tuliiuliza, si uliiuliza, kwa sababu ile pumzi moja ya Jumapili ni yangu.

Akakaa na mikono katikati ya magoti. Akasema amekwisha mwambia mtoto kwamba yuko sawa. Nikasema nitazungumza naye mimi, mimi ndiye wa maabara. Akakataa. Alimwambia yeye, atamwambia yeye.

Kaondoka akasahau testa mezani. Fundi kusahau testa! Nimeiweka kwenye mkoba.

Jumamosi, 21 Machi

Hakukimbia.

Nilikwenda uwanjani. Chiriku alisimama kando ya mstari na sare ya shule, miongoni mwa watu wazima. Alizungumza na mama yake, na mimi, na mwalimu, na muuza maji, na watoto asiowajua. Baba yake hakumpa hata neno. Tangu jana jioni hajamwambia hata shikamoo. Mbio zake alizishinda yule mwenzake anayetapika. Chiriku akampigia makofi kwa nguvu mno, ili baba yake aliyesimama nyuma asikie.

Fundi hakujitetea. Alimshikia mkoba wa shule muda wote.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemwambia Profesa darasa litaendelea, na mlango utabaki wazi. Ila hakuna atakayeweka herufi zake kabla ya kuweka herufi mbovu inayojulikana, aone mwenyewe programu inaona nini na haioni nini. Hilo ndilo somo la kwanza, kabla hata ya rangi. Akauliza kama hilo litatosha. Nikasema sijui. Akasema basi atakuja kukaa kiti cha nyuma, aone.

Kesho ndiyo kesho. Mkono kifuani tena.

Jumanne, 24 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, hospitali kubwa. Benchi la chuma, baridi. Ukuta wa kijani mpaka kiunoni, mweupe juu.

Mtaalamu wa mashine ya moyo ni mama mmoja mnene, mchangamfu, miwani juu ya kichwa. Alipotokea mlangoni kumwita Chiriku, Fundi akasimama akamzuia kwa heshima zote.

"Samahani, mama. Hii mashine mmeipima kwanza kwa mtu mnayejua ni mgonjwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke! Watu wa foleni wote wakageuka. Lakini mama wa watu hakukasirika. Alishusha miwani akamtazama. Akasema ana wagonjwa wake wa siku zote, na wa kwanza leo asubuhi alikuwa mmoja wao. Moyo wa mzee yule anaujua kuliko anavyomjua mumewe. Fundi akauliza, na mashine ikauonyesha? Akasema ikauonyesha, ubovu wote mahali pake.

Fundi akaitikia kwa kichwa, kaelewa. Akasogea kuwapisha mlangoni.

Chiriku akaingia na mama yake. Kwa baba hakugeuka. Siku zote hizi, hakugeuka hata mara moja.

Tumebaki wawili. Baada ya mtoto ni yeye, baada yake ni mimi. Nimemrudishia testa. Anaigeuza geuza kwenye vidole. Kaniuliza kama naogopa. Nimesema naogopa sana. Akasema na yeye. Tumekaa tumegusana mabega kama siku ya kumzika baba, ila siku hiyo miguu yake haikufika chini.

Chiriku anasikika mpaka huku. Anauliza hii jeli mbona baridi. Anauliza kama moyo una rangi. Anauliza mama wa mashine kama na yeye alikimbia alipokuwa mdogo. Mama anacheka, anamwambia anyamaze kidogo sasa, ashike pumzi.

Kanyamaza.

Bado kanyamaza. Fundi amesimama. Mimi naandika ili mkono uwe na kazi.

"Baba!"

Ni yeye. Ni Chiriku.

"Baba, njoo uone!"

Ameacha kila kitu, begi, testa chini sakafuni, kaingia karibu aupige mlango kwa bega. Haukufungwa vizuri. Namwona mgongo tu, ameinama, mkono kichwani kwa mtoto. Mwanga wa skrini uko kwenye shati lake. Mama wa mashine anaonyesha mahali kwa kidole, haongei haraka. Kutoka hapa sioni picha. Wifi kageuka, ananiita kwa mkono — na hili begi la Fundi nimwachie nani